Nyangumi wa bluu na kuvu ya mizizi: nani mkubwa zaidi? Watu wa Mufindi, Njombe na Rungwe, hili linatuhusu

Mkulima wa Nyanda (mleta uzi)

Wakuu, kamwene.

Kwenye kundi letu la wakulima wadogo wa chai huku Mufindi limeulizwa swali, na majibu yakawa mengi ya kukisia. Nimeona nilijibu hapa kwa urefu wake. Swali: kiumbe hai mkubwa kuliko wote duniani ni yupi?

Karibu wote walijibu nyangumi wa bluu. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na kwa upande wa wanyama jibu ni sahihi kabisa. Ila swali halikusema mnyama, limesema kiumbe hai. Hapo nyangumi anashindwa, tena anashindwa kwa mbali, na anayemshinda ni ndugu wa karibu wa kuvu inayokausha mashina ya chai yetu. Kwa hiyo sisi wa milimani, ambao bahari tunaiona kwa nadra, tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko hata mtu wa pwani.

Kwanza nyangumi apewe haki yake. Huyu mnyama hufika karibu mita 30 kwa urefu, yaani mabasi mawili ya Mbeya–Dar yakifuatana bado hayamfikii. Uzito wake unapita tani 150. Hakuna ushahidi wa uhakika wa mnyama mzito kumzidi, hata ukihesabu dinosaria wa kale waliochimbuliwa Tendaguru kule Lindi. Mwaka 2014 nyangumi wa bluu aliyekufa alikutwa pwani ya Newfoundland, Kanada, na moyo wake ukahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Royal Ontario, Toronto. Moyo peke yake ulikuwa na kilo 180 hivi. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha Stanford walitoa matokeo ya kifaa walichombandikia nyangumi wa bluu karibu na pezi lake la kushoto kwa vikombe vya kunyonya, akiwa hai baharini. Akiwa amezama, mapigo ya moyo yalishuka hadi mawili kwa dakika. Akiibuka kuvuta pumzi yalipanda hadi 37.

Chakula chake ni uduvi wa bahari za baridi unaoitwa krili. Anafungua kinywa, anameza maji pamoja na uduvi, kisha anayasukuma maji nje kupitia mamia ya vibao vyenye nywele vilivyo kinywani badala ya meno. Utafiti uliotoka 2021 ulikadiria kwamba nyangumi wa bluu wa Pasifiki ya Kaskazini anakula takriban tani 16 kwa siku katika msimu wa kula. Mtoto wake huzaliwa akiwa na mita 7 hivi na anaongezeka karibu kilo 90 kwa siku kwa maziwa ya mama tu. Kilo tisini, wakuu. Kila siku.

Sasa twende kwa mpinzani wake.

Jimbo la Oregon, Marekani, lina Msitu wa Taifa wa Malheur kwenye Milima ya Bluu. Humo kuna kuvu ambayo kitaalamu inaitwa Armillaria ostoyae. Wataalamu wa misitu waliona miti inakufa kwa mafungu, wakachukua sampuli kwenye mizizi ya miti iliyo mbalimbali na kuanza kuzilinganisha. Kipimo kimojawapo hata mtu asiyesoma maabara anakielewa. Unaweka nyuzi za kuvu kutoka mti huu na nyuzi kutoka mti ule kwenye kisahani kimoja, unaziacha zikue mpaka zikutane. Kama ni kuvu mbili tofauti zinakataana, katikati unatokea mstari na kila moja inabaki upande wake. Kama ni mwili mmoja, zinaungana na baada ya muda huoni mpaka wowote. Vipimo vya vinasaba vilikubaliana na visahani.

Matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionesha kwamba kuvu moja imetanda hekta 965, yaani ekari 2,385. Kutoka ncha hadi ncha ni kilomita 3.8. Kwa kupiga hesabu ya mwendo wake wa kutambaa, umri ukakadiriwa kati ya miaka 1,900 na 8,650. Kuhusu uzito, makadirio yaliyotolewa yanaanzia tani 7,500 hadi tani 35,000. Chukua kile cha chini kabisa, 7,500, ugawe kwa nyangumi wa tani 150. Unapata nyangumi 50.

Mtu asidhani huo ni uyoga wenye kofia ya ekari elfu mbili. Uyoga unaochomoza juu wakati wa unyevu ni sehemu ya uzazi tu, wa kutolea spora (vumbi linalofanya kazi kama mbegu), na ukubwa wake ni wa kawaida, unaenea kiganjani. Mwili wenyewe uko chini: nyuzi nyeupe ndani ya mizizi na chini ya magome, pamoja na kamba nyeusi nyembamba zenye ganda gumu zinazopita udongoni kutafuta mzizi mwingine. Unaweza kutembea juu yake kutwa nzima usijue.

Kwa nini kuvu ifike huko na nyangumi asifike? Kwangu mimi hapa ndipo penye utamu wote. Nyangumi ana kinywa kimoja, moyo mmoja na mapafu yake mawili. Kila kilo anayoiongeza lazima ilishwe kupitia kinywa kilekile, ipate damu kutoka moyo uleule. Kinachombeba ni maji. Akikwama ufukweni uzito wake mwenyewe unamlemea hata kupumua. Kuvu haina kinywa wala tumbo. Inaishi ndani ya chakula chake, inatoa vimeng'enya nje ya mwili, vinayeyusha kuni, nayo inafyonza. Kila ncha ya uzi inajilisha. Nyangumi akikua njaa inamzidi, kuvu ikikua inaongeza vinywa. Haina umbo la kufikia ikasimama. Inasimama pale tu mizizi inapoisha, au ikikutana na kuvu nyingine yenye nguvu.

Sasa Mufindi. Jamii ya Armillaria ipo Afrika Mashariki, na kwenye chai inajulikana kwa kuozesha mizizi. Shina linapata manjano, linanyauka, linakauka huku majani yakiwa bado yameshikilia. Baadaye la jirani, kisha la jirani yake, mpaka panatokea upara wa mviringo katikati ya shamba. Wengi wetu tunalaumu ukame au mbolea. Fukua shingo ya shina lililokauka. Ukikuta limepasuka kwa wima, na ukibandua gome ukakuta utando mweupe wenye harufu kali ya uyoga, basi unamtazama ndugu wa yule wa Oregon. Karibu kila mara chanzo ni kisiki cha mti wa zamani uliokatwa shamba lilipofunguliwa.

Hoja yangu ndiyo hiyo: ukubwa wa kuvu umo katika kuunganika mzizi kwa mzizi, na anayetaka kuokoa shamba lake ni lazima apambane na huko kuunganika. Ukikata shina lililokauka ukaacha mizizi, hujafanya kitu.

Karibuni.

---

Dereva wa Njia Kuu

Mkuu, shukrani kwa uzi mzuri. Nyangumi nimewahi kumwona kwa macho, kule Mtwara, ila siyo wa bluu. Ni wale wenye nundu, wavuvi wanasema wanapita pwani yetu kuanzia kama Julai mpaka kwenye Novemba, wanakuja kuzalia huku kwenye maji ya joto. Aliruka nusu ya mwili nje, na maji yaliporudi chini mlio wake tuliusikia mpaka nchi kavu.

Swali langu ni hili. Nyangumi ukimkata vipande viwili amekufa. Hiyo kuvu ukichimba mtaro katikati, je, imekufa? Kama vipande vyote viwili vinaendelea kuishi, mimi naona huo ni ukoo siyo mtu mmoja. Huwezi kumshindanisha mtu mmoja na ukoo mzima halafu ukatangaza mshindi.

---

Mkulima wa Nyanda

Dereva, hoja yako ni nzito na hata wanasayansi wanaibishania. Walichokipima Oregon ni kwamba pande zote zina vinasaba vilevile, yaani zimetokana na mwanzo mmoja, na nyuzi zake bado zinakubali kuungana. Kwamba leo hii kila kipande kimeshikana na kingine bila kukatika popote, hilo halijathibitishwa kwa ekari zote 2,385, na sitalidai.

Lakini tazama ukoo: baba na mtoto wanafanana vinasaba kwa sehemu tu. Vipande vya kuvu hii vinafanana vyote. Kuna mfano wa Michigan, Marekani, unaosaidia hapa. Mwaka 1992 Myron Smith, Johann Bruhn na James Anderson waliandika katika jarida la Nature kuhusu Armillaria ya karibu na mji wa Crystal Falls, wakakadiria hekta 15, uzito zaidi ya tani 10 na umri wa miaka 1,500. Anderson na wenzake wakarudi, wakasoma vinasaba vyote vya sampuli kutoka pembe mbalimbali, na mwaka 2018 wakapandisha makadirio: angalau miaka 2,500 na tani 400. Hiyo ni zaidi ya nyangumi wawili wakubwa. Kilichowashangaza ni jinsi vinasaba vilivyobadilika kidogo mno kwa muda wote huo. Kwangu mimi kitu kinachojitunza hivyo kwa miaka 2,500 kinastahili kuitwa kimoja.

Na kuhusu vipande: hata ule uzito wa nyangumi tunaousoma, mwingi ulipatikana kwenye meli za kuvua nyangumi kwa kupima vipande vipande na kuongeza makadirio ya damu iliyomwagika. Hakuna aliyemweka mzima kwenye mizani. Makadirio yako pande zote mbili.

---

Mwalimu wa Baiolojia Mbeya

Niongeze machache, maana wanafunzi wangu wanasoma humu.

Kwanza, kuvu siyo mmea. Kwa ukoo, kuvu iko karibu na wanyama kuliko mimea. Haina kijani, haitengenezi chakula kwa jua, na akiba yake inaiweka kama glaikojeni, vilevile kama ini letu, siyo kama wanga wa kiazi. Kuta za seli zake zina kitini, na kitini ndicho kinachojenga ganda la krili. Kwa hiyo nyangumi anameza kila siku matani ya ganda lenye malighafi ileile iliyomo katika mwili wa mpinzani wake.

Pili, nyangumi ana ndugu hapa kwetu. Mababu wa nyangumi walikuwa wanyama wa nchi kavu wenye miguu minne, waliingia majini takriban miaka milioni 50 iliyopita, na mifupa ya baadhi yao imechimbuliwa Pakistani. Katika wanyama wanaoishi leo, wa karibu zaidi na nyangumi kwa ukoo ni kiboko. Nenda Ruaha ukawatazame. Kiboko naye hunyonyesha mtoto chini ya maji.

Tatu, mleta uzi, tuwe waangalifu na neno "mkubwa kuliko wote". Utah, Marekani, kuna kundi la miti liitwalo Pando, shina zote zimetoka mzizi mmoja, hekta 43, uzito unakadiriwa tani 6,000. Na mwaka 2022 watafiti wa Australia walitangaza nyasi bahari katika ghuba ya Shark Bay, mmea mmoja uliotanda kwa urefu wa kilomita 180. Kwa eneo, nyasi hizo zinaishinda kuvu ya Oregon.

---

Mkulima wa Nyanda

Mwalimu, asante sana. Nyasi za Shark Bay nazikubali kwa eneo, hilo halina ubishi. Swali letu la kundini lilikuwa kumpata anayemzidi nyangumi, na naona sasa tunao watatu. La kiboko kuwa ndugu wa nyangumi nalipeleka kundini leo hii.

---

Mama Wawili Njombe

Mimi nasikitika kidogo na jinsi tunavyomlinganisha nyangumi kwa kilo tu. Huyu ni mnyama mwenye mtoto anayemnyonyesha na kumlinda, anayeita mwenzake kwa sauti nzito ambayo chini ya maji inasafiri mamia ya kilomita. Kuvu inaua miti. Tuwaweke mizani moja?

---

Mkulima wa Nyanda

Mama, nakuelewa, na una haki ya kuumia kwa ajili yake. Katika karne ya 20, upande wa kusini wa dunia peke yake waliuawa nyangumi wa bluu zaidi ya 300,000 kwa ajili ya mafuta na nyama. Ulinzi wa kimataifa ulikuja 1966, wakati wamebaki wachache mno. Leo wanakadiriwa kati ya 10,000 na 25,000 dunia nzima. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili mitatu, kwa hiyo kurudi kwao ni kwa pole sana. Mimi naliona hili kuwa moja ya mambo mabaya zaidi ambayo binadamu tumewafanyia wanyama.

Na hapo tofauti yao inaonekana wazi. Nyangumi mkubwa vile, chusa lenye baruti lilimmaliza. Kuvu watu wameichimbia mitaro, wameichoma, wameimwagia dawa, nayo ipo.

Ila usiichukie. Bila kuvu za kuozesha, magogo yote yaliyoanguka msituni yangebaki yamelala na chakula chake, udongo usipate kitu. Nyangumi naye anafanya kazi kama hiyo. Kinyesi chake kinarudisha madini ya chuma juu ya maji na vijimea vya bahari vinakua. Akifa akazama, mzoga wake unalisha viumbe wa sakafu ya bahari kwa miaka makumi. Kuna hata minyoo isiyo na kinywa wala utumbo inayoota kwenye mifupa yake na kuiyeyusha ili ile, karibu sawasawa na kuvu ndani ya kisiki.

---

Mzee wa Kibao

Vijana, nawasalimu. Nilifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu. Haya ya nyangumi ni mageni kwangu lakini kuvu ya mizizi naijua.

Zamani msitu haukukatwa tu na kupanda chai. Tulitangulia kuchuna gome la mti kuzunguka shina lote, upana wa kiganja na zaidi, halafu tukauacha umesimama mwaka mmoja, miwili. Mabwana shamba walitueleza kwamba gome likikatwa chakula cha majani hakishuki tena, mzizi unatumia akiba yake mpaka inaisha. Mti ukija kuangushwa, mzizi hauna kitu cha kumlisha huyo kuvu. Siku hizi mtu ananunua ekari yenye milingoti, anaingiza msumeno wiki hii, wiki ijayo anapanda. Visiki vyote viko chini vimejaa chakula. Miaka michache mbele anaanza kulia.

Palipokwisha kuugua tulikuwa tunang'oa mashina yaliyokauka pamoja na ya jirani yanayoonekana mazima. Jirani ndiye watu wanamwonea huruma wanamwacha. Mizizi yote yenye unene wa penseli na kuzidi inatolewa, inakusanywa, inachomwa papo hapo. Kisha panapandwa nyasi za Gwatemala, pakae hivyo miaka kama miwili ndipo chai irudi.

---

Binti Rungwe

Shikamoo mzee wa Kibao. Maelezo yako nimeyanakili yote kwenye daftari.

Shamba la mama huku Tukuyu lina upara kama alivyoeleza mleta uzi, na kila mwaka tunaziba kwa miche mipya, inashika vizuri kisha inakufa. Jana nimefukua shingo ya shina moja lililokauka. Mpasuko wa wima upo. Nilipobandua gome kwa kisu, utando mweupe upo, unabanduka kama karatasi, na harufu ni ya uyoga hasa. Katikati ya upara kuna kisiki cha mti ambacho mama anasema alikikuta. Naomba kuuliza: nianze na kisiki au na mashina?

---

Mzee wa Kibao

Marahaba mwanangu. Anza pembeni uingie ndani. Weka alama mashina mazima yanayopakana na upara, hayo ndiyo mpaka wako, yang'olewe pamoja na yaliyokufa. Ukianzia kisiki utakuwa unakokota mizizi yenye ugonjwa kwenye udongo mzima. Kisiki kiwe cha mwisho lakini kisiachwe, na kila mzizi wake ufuatwe mpaka unapoishia. Fanyeni kiangazi, mizizi ikauke iwake vizuri. Msipande miche mipya hapo mpaka nyasi zimekaa muda wake. Mpe mama salamu.

---

Kijana wa Parachichi

Wakuu, na sisi wa parachichi Njombe? Miti yangu mitatu inanyauka na ipo sehemu ya bondeni. Ni huyuhuyu?

---

Mwalimu wa Baiolojia Mbeya

Inawezekana, lakini kwa bondeni mimi ningemshuku kwanza mwingine, Phytophthora cinnamomi, ambaye ni maarufu kwa kuozesha mizizi ya parachichi penye maji yaliyotuama. Huyo hata kuvu siyo, ni jamii nyingine inayofanana nayo kwa nyuzi tu. Fukua utazame mizizi midogo ya kulishia. Ikiwa imekuwa myeusi, inakatika ovyo, na chini ya gome la shingo hakuna utando mweupe, tatizo lako ni maji: chimba mifereji, pandisha matuta. Ukikuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga, fuata ya mzee wa Kibao. Tiba zake ni mbili tofauti, kwa hiyo usinunue dawa kabla hujafukua.

---

Dereva wa Njia Kuu

Na uyoga wa hiyo kuvu unalika? Maana masika kina mama wanauza uyoga barabarani kuanzia Iringa mpaka huku kwetu, nisije nikanunua wa kwenye visiki.

---

Mkulima wa Nyanda

Dereva, Armillaria za Ulaya na Marekani watu wanazila zikiwa zimepikwa vizuri sana. Mbichi au nusu mbichi zinasumbua tumbo. Wa huku kwetu usiuchume kisikini kwa kusoma uzi huu, muulize anayeujua uso kwa uso, kwa sababu kwenye visiki vilevile huota na uyoga wenye sumu.

Uyoga mwingi wanaouuza kina mama ni wa miyombo na wa vichuguu. Ule wa miyombo ni rafiki wa mti, nyuzi zake zinaungana na mizizi na kuiletea maji na madini, mti unalipa kwa sukari. Hata paini zilipoletwa sehemu nyingi za Afrika miche ilidumaa, mpaka udongo wenye kuvu zake ulipoletwa nao.

Binti Rungwe, mkishang'oa tuwekee picha ya kisiki na mizizi yake, pamoja na kipimo cha upara kwa hatua. Nataka tulinganishe na wa kwetu huku Mufindi.